Mpagazi wa Mobile

Njia ninayoifuata inaanzia kwenye stesheni ya treni mjini Mobile, jimbo la Alabama. Hapo ndipo Leroy Paige, aliyezaliwa 1906, alipobeba mizigo ya abiria kwa senti chache, hata miaka 12 hajatimiza. Begi moja, ujira wa begi moja, hakuridhika. Mwenyewe alisimulia kwamba alitafuta mti na kamba, akajitwika begani kama mzegazega wa muuza maji, akawa anabeba mabegi matatu manne kwa mpigo. Wakamwita Satchel, yaani mkoba. Rafiki yake wa utotoni alishikilia kisa kingine: jina lilitokana na begi aliloiba akakamatwa. Mimi nasadiki vyote viwili, kwani mtoto wa nyumba yenye njaa hubeba, na pengine huchukua.

Wizi ndio uliompeleka Mount Meigs mwaka 1918, kwenye shule ya kurekebisha watoto weusi. Alikaa miaka mitano. Huko mwalimu Edward Byrd alimfundisha kurusha mpira wa besiboli: kuinua mguu juu kabisa, uzibe anga machoni pa mpigaji, ndipo mkono uachie mpira. Katika mchezo huo mrushaji yuko mita 18 na ushei tu kutoka kwa mwenye gongo. Kufumba na kufumbua, mpira umeshafika.

Baada ya hapo njia inatawanyika, timu moja hadi nyingine. Chattanooga 1926, kisha Birmingham, Pittsburgh, Bismarck kule kwenye baridi, hata Jamhuri ya Dominika mwaka 1937, alikochezea timu ya dikteta Trujillo. Ligi kuu ilikuwa ya wazungu peke yao, na hoteli nyingi hazikumpokea mtu mweusi. Mwaka 1938, huko Meksiko, bega likamuuma hata akashindwa kurusha. Wengi walimhesabu amekwisha. Timu ya Kansas City Monarchs ilimchukua hivyo hivyo, na mkono ukarudi.

Tarehe 7 Julai 1948, siku aliyotimiza miaka 42, Cleveland Indians wa ligi kuu walimsajili, mwaka mmoja tu baada ya Jackie Robinson kuwafungulia weusi mlango wa ligi hiyo. Mhariri wa gazeti la The Sporting News aliandika kwamba kumsajili mtu wa umri ule ni kuishushia ligi hadhi. Kauli hiyo inaniuma hadi leo. Paige hakuchelewa, alicheleweshwa, miaka 22 mizima. Tarehe 20 Agosti watu 78,382 walijaa uwanjani Cleveland, naye akawanyima Chicago White Sox hata pointi moja. Msimu huo alishinda mechi sita, akapoteza moja, na timu yake ikatwaa ubingwa.

Mwaka 1965, akiwa na miaka 59, alipanda tena kilimani, pale mrushaji anaposimama, huko Kansas City dhidi ya Boston. Vipindi vitatu, na mpigaji mmoja tu aliyepata pigo dhidi yake, Carl Yastrzemski.

Mji huo huo ndio wenye jumba la makumbusho ya ligi za weusi. Ukiingia, unamwona kwa mbali, sanamu ya shaba iliyosimama kilimani, nyuma ya wavu kama wa banda la kuku. Niliushika wavu ule nikachungulia. Huruhusiwi kupita. Lazima uzunguke historia yote, mwaka baada ya mwaka, ndipo utokee uwanjani. Nilipofika mbele yake, nilianza kuutazama mkono, kisha bega, pale mti ulipokaa.