Kontena na Bamba Lake

Msafiri afikapo Bomang'ombe kutoka Moshi hulikuta neno kontena limekwisha kuwa jina la duka. Kasha la chuma lililokuwa likivuka bahari limekatwa mlango ubavuni, na ndani yake huuzwa sukari na saruji. Kwenye milango yake ya asili pengine hubaki bamba dogo lenye maandishi ya Kiingereza ambayo wanunuzi hawana haja nayo. Sisi wa istilahi tunayo haja.

Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, Marekani, ikiwa na makasha 58. Siku hizo kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake. Shirika la Kimataifa la Viwango lilianza kutoa vipimo vya pamoja mwaka 1968, na tarehe 2 Desemba 1972, mjini Geneva, ulipitishwa Mkataba wa Kimataifa wa Makontena Salama, ulioanza kutumika tarehe 6 Septemba 1977. Uliandikwa kwa Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi, ukaagiza kila kontena lililoidhinishwa liwe na bamba lenye maandishi ya Kiingereza au Kifaransa, angalau. Mfasiri wa Kiswahili aliachiwa kazi yake mwenyewe.

Mahali pa kukwama ni pamoja. Bamba hutaja uzito wa juu kabisa wa kontena pamoja na shehena yake, mathalani kilo 30,480. Kisha huja tarakimu kubwa zaidi, mara nyingi kilo 192,000. Kuifasiri hii ya pili "uzito unaoruhusiwa kupangwa" si kosa la sarufi, bali ni hatari, kwa maana mizigo hupangwa ndani vilevile. Tarakimu hiyo ni ya makontena yaliyo juu ya lile la chini: ni sawa na manane yenye kilo 24,000 kila moja, na hesabu yake imezingatia meli kupanda na kushuka mawimbini. Tungependelea "uzito wa kubebeshwa juu". Ni refu kidogo, lakini halimwachi kuli na shaka.

Hata hivyo "juu" nalo lina mtego. Uzito huo hubebwa na nguzo nne za pembeni, wala si paa, ambalo hujaribiwa kwa kilo 300 tu katika eneo la milimita 600 kwa 300. Huenda "uzito wa kubebeshwa nguzo" ukafaa zaidi, hatujakata shauri.

Mkataba wataka pia bamba liondolewe kontena likibadilishwa kiasi cha kubatilisha idhini. Hapa "kurekebisha" hakufai. Kontena lililopondeka likarekebishwa vizuri huendelea na safari zake. Lililogeuzwa muundo halina tena idhini ile. Ubavu wa bati lenye mikunjo ni sehemu ya nguvu za kontena, si pazia, na bamba la duka la Bomang'ombe lilipaswa kubanduliwa siku ubavu huo ulipokatwa.