Shati la Kunguru

Tangu nianze shahada ya uzamili, bibi yangu amekuja Dar es Salaam mara moja tu. Alisafiri kwa basi zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea, akafika usiku, akalala. Alfajiri aliamshwa na kelele juu ya bati. Nilimkuta uani, kanga begani, kakodolea macho mwarobaini. Kunguru kama thelathini walikuwa wanagombea utumbo wa kuku waliouokota jalalani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu niambie, hawa kunguru wenu shati lao limekwenda wapi?"

Nilicheka, lakini nilimwelewa. Kwetu Majengo kunguru ana shati. Mwili wake ni mweusi, ila kifua na shingo ni vyeupe, kama mzee aliyevaa koti kwenda kanisani. Nilipokuwa mdogo, bibi akianika dagaa wa Ziwa Nyasa kwenye mkeka, mimi ndiye niliyepewa fimbo ya kulinda. Siku moja nilisinzia. Niliposhtuka, kunguru alikuwa amesimama hatua mbili kutoka miguuni pangu, dagaa wamejaa mdomoni, ananitazama bila wasiwasi wowote. Nilirusha fimbo. Akaruka hadi ukingoni mwa paa na kupiga kelele mpaka majirani wakatoka kuangalia kuna nini. Nilichapwa siku hiyo, na nikajifunza msemo ambao bibi aliurudia miaka yote: kunguru hafugiki.

Kunguru wa Dar es Salaam ni mwingine. Ni mdogo kidogo, mwembamba, shingo yake ya kijivu, na hatembei peke yake. Chuoni nimemwona akishuka mezani, akachukua kipande cha chipsi mbele ya mwenye sahani, akaondoka. Nilikuwa nimemzoea. Ilibidi bibi aulize ndipo nami nianze kuuliza: kama kunguru mwenye shati anaishi karibu Afrika nzima kusini mwa Sahara, kwa nini hapa mjini simwoni?

Jibu linaanzia Zanzibar. Mwaka 1890 Uingereza iliifanya Zanzibar kuwa nchi chini ya himaya yake. Mji Mkongwe ulikuwa bandari kubwa, wenye watu wengi na vichochoro vyembamba, na taka zilikuwa tatizo. Katika miaka hiyo ya 1890 kunguru waliletwa kutoka India ili wazile. Mara nyingi anayetajwa kuhusika ni Gerald Portal, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza visiwani. Ukifikiria kiofisi, hesabu ilivutia: mfanyakazi asiyedai mshahara, asiyehitaji punda wala mkokoteni, anayeanza kazi kabla ya jua kuchomoza.

Tatizo ni kwamba kunguru hakusoma mkataba. Alikula taka, kisha akala mayai ya ndege wengine, akala makinda ya chozi na kwera, akabeba vifaranga vya kuku wa watu. Kufikia 1917 alikuwa ameshatangazwa kuwa mharibifu, na serikali ikawa inatoa fedha kwa atakayeleta kunguru aliyeuawa au mayai yake. Haikupita hata miaka thelathini, mwajiriwa akawa mhalifu.

Fedha hizo hazikumzuia. Alivuka bahari na kuishika pwani. Katika miaka ya 1940 alikuwa ameshafika Mombasa. Huyu ni ndege anayepanda meli kama abiria mwingine. Mwaka 1994 wawili walifika hata Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi, wakazaliana huko. Kila alipotulia pwani yetu, aliwashambulia kwa makundi mwewe na ndege wengine wakubwa, na kunguru mwenye shati akasukumwa pembeni. Hilo ndilo jibu la swali la bibi. Shati halikuvuliwa. Mwenye shati alihamishwa.

Niliposoma hayo nilikumbuka tulivyofundishwa historia Songea. Kwetu ukoloni una mahali pake na tarehe yake. Wanafunzi hupelekwa Makumbusho ya Maji Maji, wakaambiwa habari za tarehe 27 Februari 1906, siku ambayo Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni. Unasimama mbele ya kaburi la pamoja, unanyamaza, kisha unarudi nyumbani. Nilikua nikiamini kwamba ukoloni ni jambo lililokwisha, likaacha makaburi. Sikuwahi kufikiri kwamba unaweza pia kuacha kitu kinachotaga mayai.

Nchi zilizojitawala zimejaribu kulimaliza. Katika miaka ya 1990 Zanzibar na Dar es Salaam ziliendesha kampeni za kuwaua kunguru hawa kwa mitego na sumu. Idadi ilipungua sana, kampeni zikafifia, idadi ikapanda tena. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni 1 kabla ya mwaka kwisha. Siwapingi wanaofanya kazi hiyo. Kinda la chozi haliwezi kujitetea, na mfugaji wa kuku hana wa kumlipa fidia.

Ila kuna jambo linanisumbua. Kunguru huyu alipewa kazi moja, kula taka, na bado anaifanya kila alfajiri, kwa sababu kila alfajiri anazikuta. Ofisi ya miaka ya 1890 ilitafuta njia ya mkato ili isigharamie usafi. Sumu peke yake, bila kuondoa taka, naiona kama njia ileile ya mkato: tunamtia ndege mkononi mwa ndege tatizo la jalala, kisha tunamuua ndege na kuliacha jalala.

Likizo iliyofuata nilirudi Majengo. Nilimweleza bibi yote, tukiwa tumekaa kibarazani tunapukuchua mahindi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo waliajiri kunguru," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Wazee wa kule hawakuwaambia kwamba kunguru hafugiki?"

"Pengine hawakuulizwa."

Akaguna, akatupa gunzi uani. Kunguru alishuka kutoka kwenye paa la jirani kulikagua. Kifua chake kilikuwa cheupe kabisa. Alilichokonoa mara mbili, akaona halina punje, akapiga kelele kama mtu aliyedhulumiwa.

Jioni nilipita njia ya sokoni. Pale nilipopajua kama uwanja wa kuchezea mpira, sasa kuna rundo la taka linalofika kiunoni: mifuko, maganda, utumbo wa kuku. Kunguru watatu walikuwa juu yake, wote na mashati yao. Nilisimama nikawahesabu, na shingo ya kila mmoja nikaikagua mara mbili.