Mumiani Hapigi Hodi



Mazungumzo yetu ya wiki hii ni juu ya wanyonya damu wa kwenye televisheni, wale ambao Wazungu huwaita vampaya. Natambua kuwa wako watakaosema kuwa mtu mzima wa Tunguu, mwenye wajukuu, hana haja ya kupoteza dakika za redio kwa mambo ya meno na makaburi. Jawabu yangu ni kuwa michezo hii nimeitizama kwa zaidi ya miaka thelathini, tangu enzi za kanda za video za kukodi mjini mpaka hizi za leo zinazotizamwa kwenye simu, na sioni haya kusema kuwa naipenda. Lakini kila nikiitizama hujiuliza suali moja. Kwa nini khofu ya wenzetu imekuwa burudani ya kuuzwa dunia nzima, na khofu yetu, ambayo ni ya aina ile ile, imebaki kuwa jambo la kunong'onezana na mara nyengine la kuulia watu?

Tuanze na ya wenzetu. Mnyonya damu wa Kizungu hakuzaliwa katika vitabu. Mwaka 1725, katika kijiji kimoja cha Serbia, kilichokuwa wakati ule chini ya dola ya Austria, alikufa mkulima aitwaye Petar Blagojević. Baadaye watu kadhaa wakafa mmoja baada ya mmoja, na wanakijiji wakasema kuwa marehemu anarudi usiku kuwakaba. Kaburi likafukuliwa, maiti ikachomwa mti kifuani, kisha ikatiwa moto, na ofisa wa serikali aliyekuwapo akaandika ripoti. Miaka michache baadaye ikatokea kesi nyengine huko huko Serbia, ya mtu aliyeitwa Arnold Paole, na ripoti ya waganga wa jeshi ya mwaka 1732 ikasambaa katika magazeti ya Ulaya. Mambo yakafika hadi Malkia Maria Theresa akamtuma daktari wake, Gerard van Swieten, kuchunguza, na mwaka 1755 serikali ikapiga marufuku ufukuaji wa makaburi. Basi msidhani kuwa wenzetu walizaliwa na akili zisizoingia woga. Wao pia walikuwa na vijiji visivyolala.

Baadaye khofu ile ikahamia kwenye karatasi. Mwaka 1897 Bram Stoker, mtu wa Ireland, akatoa riwaya yake ya Dracula. Mwaka 1922 Wajerumani wakaifanya filamu ya Nosferatu bila ya ruhusa, mjane wa Stoker akawashitaki, na mahkama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Bahati njema, au mbaya, baadhi zilinusurika. Na ni filamu ile iliyoleta habari ya mnyonya damu kufa kwa jua, kwani Dracula wa kitabuni hutembea mchana mjini London bila ya wasiwasi.

Katika kitabu cha Stoker mna sharti moja ambalo mimi nalipenda kuliko mengine yote. Mnyonya damu hawezi kuingia katika nyumba ya mtu mpaka kwanza akaribishwe na mmoja wa wenyeji. Yaani lazima apige hodi! Mtu wa Unguja hahitaji kufasiriwa sharti hili. Sisi sote tumefunzwa kuwa anayeingia bila ya hodi ana lake, na kuwa neno "karibu" halirudi likishatoka. Ndiyo maana katika michezo yote niliyoitizama, Salem's Lot ya mwaka 1979, iliyotokana na kitabu cha Stephen King, ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mtoto aliyekwisha kufa anakuja usiku akielea nje ya dirisha la nduguye, anakwaruza kioo kwa kucha, anataka kufunguliwa. Hakuna damu inayomwagika pale. Kuna nduguyo tu, yuko nje, anataka kuingia. Nani asiyemfungulia nduguye?

Yaliyokuja baadaye nayapenda kwa kiasi. Buffy the Vampire Slayer, iliyoanza mwaka 1997 na kumalizika mwaka 2003, ina maneno ya kuchekesha na ina msichana wa skuli anayewapiga majitu, na mabinti zangu walikuwa hawaikosi kila walipopata kanda yake. The Vampire Diaries, ya mwaka 2009 na kuendelea, imenichosha. Mnyonya damu amegeuzwa kijana mzuri wa sura, anayeumwa na mapenzi, na watizamaji wanamwonea huruma. Mtaniwia radhi vijana, lakini jitu linaloishi kwa damu ya wenziwe haliwi zuri kwa kuchana nywele. Ingawa, kwa haki, hilo halikuanza jana. Wamarekani walikuwa na mchezo wa kila siku mchana ulioitwa Dark Shadows, na mwaka 1967 wakamtia mnyonya damu aitwaye Barnabas Collins. Aliletwa kwa muda mfupi tu, lakini watu wakampenda hata akabaki karibu mpaka mchezo ulipokwisha mwaka 1971. Tangu hapo kila mtengenezaji amejua kuwa huzuni inauza.

Sasa turudi kwetu. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi, ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika kusini ya Sahara. Afrika Kusini wenyewe, pamoja na utajiri wao, hawakuwa na televisheni ya taifa mpaka mwaka 1976. Lakini zamani kabla ya hapo watoto wa pwani walikuwa na mnyonya damu wao, na jina lake ni mumiani.

Neno hili lina safari ndefu. Asili yake ni Kiajemi, na lilikuwa ni jina la dawa: kitu cheusi kama lami au sandarusi, kilichokuwa kikiletwa kutoka Uajemi na kutumiwa kwa mivunjiko na maumivu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, iliyotengenezwa chini ya Frederick Johnson, inaieleza dawa hiyo na namna ya kuitumia, ikiwa ni pamoja na kuiyayusha katika samli na kuinywa. Kisha kamusi hiyo hiyo inasema kuwa wengi wanaamini kuwa mumiani ni damu ya watu iliyogandishwa, na kuwa uvumi ukianza kuwa inatafutwa, watu wa mji hawatoki nje baada ya magharibi. Si jambo la kawaida kwa kamusi kusimamisha kazi yake na kueleza kuwa neno fulani huufungia watu milango.

Na msiwacheke wazee wetu kwa kuamini kuwa mwili wa mtu unaweza kufanywa dawa. Ulaya kwenyewe, kwa mamia ya miaka, wauza dawa waliuza unga wa maiti zilizokaushwa za Misri, nao waliuita kwa neno hilo hilo, mumia, na wagonjwa wakaumeza.

Kwa hivyo mumiani wetu hakutoka kaburini. Alikuwa mtu hai, tena mwenye kazi na mshahara. Hakunywa damu, aliiuza. Bara, katika Nairobi na Kampala za wakati wa ukoloni, aliitwa mzimamoto, kwa sababu watu walidhani kuwa wale wenye magari mekundu na mipira mirefu ndio wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria wa Kimarekani, Luise White, alikusanya masimulizi hayo kwa wazee wa Kenya na Uganda, na mwaka 2000 akatoa kitabu kizima juu yake. Rai yake ni kuwa mwanahistoria asiyatupe masimulizi hayo kwa sababu si kweli, kwani ndani yake mna namna watu walivyoiona kazi ya mshahara, hospitali, magari na serikali ya mgeni. Mimi nakubaliana naye. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alitusimulia kuwa katika kampeni ya malaria walipokuja watu wa afya kuwachoma watoto vidole na kutia damu katika vioo, yeye aliwaficha wanawe chini ya kitanda. "Damu yangu wanaipeleka wapi?" alikuwa akiuliza. Suali lake lilikuwa la maana, na hakuna aliyekaa chini akamjibu.

Lakini khofu isiyojibiwa huja ikatafuta shingo ya mtu. Mwaka 1959, pale Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizusha fujo na polisi mmoja akauawa. Na hapa kwetu nani asiyekumbuka mwaka 1995? Popobawa alianza Pemba, ambako alikwisha kusikika pia mwaka 1965, mara tu baada ya Mapinduzi. Akavuka akaja Unguja, kisha akasikika mpaka Dar es Salaam. Huyu hakuwa mnyonya damu, na vitendo alivyosingiziwa si vya kutajwa redioni. Lakini popo ni yule yule wa sinema, na usiku ni ule ule. Hapa Tunguu tulilala nje, familia tatu nne pamoja, mikeka imetandikwa, moto unawaka, redio inapokezana na visomo. Nakumbuka watu wazima waliokuwa hawasemezani kwa ugomvi wa shamba wakilala bega kwa bega. Ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na kila upande ulikuwa na tafsiri yake juu ya nani amemleta jitu huyo. Mwisho wake tunaujua. Mjini, mtu mmoja mgonjwa wa akili, asiyejua hili wala lile, alidhaniwa kuwa ndiye popobawa, akauawa na kundi la watu.

Wengine walidhani mambo hayo yamekwisha. Mwaka 2017 huko kusini mwa Malawi uvumi wa wanyonya damu ulianza tena, wananchi wakaweka ulinzi wao, watu kadhaa wakauawa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe.

Ndipo ninapofikia rai yangu. Wako wazee ninaowaheshimu wanaosema kuwa mambo haya yasiguswe katika televisheni, kwani kuyataja ni kuyaamsha. Mimi naona kinyume. Serbia ya mwaka 1725 ilikuwa ikifukua makaburi, na leo wajukuu wao wananunua tiketi. Khofu iliyotiwa katika hadithi, yenye mwanzo na mwisho, unaweza kuizima kwa kidude cha mkononi ukaenda kulala. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wetu wa Unguja, alilijua hilo. Katika Kisima cha Giningi, mwaka 1968, alilichukua jina la makao ya wachawi akamwachia Bwana Msa na kiko chake kulitafutia maelezo yenye akili.

Watengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam nao wamejaribu. Mussa Banzi alitutolea Nsyuka, na baadaye Shumileta, yenye jini mke wa kutisha, na vibanda vya video vilijaa. Nawapongeza. Ila meno ya Shumileta yana harufu ya kanda za kigeni, na mimi namtaka yule mwenye mshahara.

Na hapa, ajabu yake, mchezo uliomkaribia zaidi mumiani wetu ni wa Kimarekani. True Blood, wa mwaka 2008 hadi 2014, haufai kutizamwa na watoto, wala na mkwe, nalisema hilo mapema. Lakini ndani yake binaadamu ndio wanaowakamata wanyonya damu, wakawafunga, wakawakamua, na damu ile ikauzwa kwa siri kama kilevi na dawa. Nilipoliona hilo nilisimama kitini. Kitu kinachotiwa chupani, mnunuzi asiyeonekana, watu wa kawaida wanaofanya kazi ile kwa ajili ya pesa: bibi yangu angeujua mchezo ule bila ya kufasiriwa neno moja.

Basi nawaomba vijana wetu wa filamu, khasa hawa wanaosoma katika vyuo vilivyojengwa hapa hapa Tunguu, wautengeneze mchezo wa mumiani. Hauhitaji majumba ya fahari wala jini. Uanze mchana, jua kali, kijiji kimetulia, wanawake wanasuka makuti. Gari isiyojulikana inasimama chini ya mwembe, anateremka mtu nadhifu mwenye mkoba na vioo vidogo vidogo, na mama mmoja, kabla hata hajaitikia salamu, anawaita wanawe waingie ndani.