Mnunuzi wa Bagamoyo na Kijiko cha Bei Chee

Kazi yangu ni kukodisha vyombo vya shughuli hapa Bagamoyo: masinia, majagi, sahani, vijiko. Msimu wa harusi vyombo havipumziki, kwa hiyo kijiko kibovu nakijua mapema. Kikilala usiku kucha kwenye kachumbari yenye ndimu na chumvi, asubuhi shingo yake ina madoa ya kutu. Vingine kingo hazikusuguliwa kiwandani, vinachana midomo ya watoto.

Pwani hii imezoea vyombo vya ng'ambo. Kaole, kusini kidogo mwa mji, makaburi ya nguzo yalipambwa kwa bakuli za Kichina, na huenda aliyezipandikiza pale alijua zitahimili upepo wa chumvi. Karne ya 19, kwenye njia ya misafara ya kwenda bara, mnunuzi alikuwa mkali zaidi. Merikani, shuka la pamba lisilopaushwa kutoka Marekani, lilipendwa kwa uzito na uimara wake. Waingereza wakaliiga, lakini watu walilipapasa kwa vidole wakajua lipi ni lipi. Mwandishi wa habari Stanley, kabla ya kuondoka Bagamoyo Machi 1871 kumtafuta mmisionari Livingstone, alilazimika kuwauliza wafanyabiashara wa Unguja shanga zipi zinapokelewa wapi. Akafungasha aina 11 katika magunia 22, kwa sababu shanga nyeusi zilizokuwa fedha Ugogo, huko bara, zilikataliwa kwingine. Masango, zile waya za shaba, nazo zilikuwa na unene wake unaokubalika. Watu wa bara wakikataa mzigo, msafara mzima uliona taabu.

Ukali huo nautaka urudi kwenye kijiko. Chuma kisichoshika kutu kilipata umaarufu Sheffield, Uingereza, baada ya kazi ya Harry Brearley mwaka 1913. Siri yake ni kromiamu, ambayo ikikutana na hewa hufanya utando usioonekana juu ya chuma. Kijiko kilichoandikwa 18/10 kina asilimia 18 ya kromiamu na 10 ya nikeli. Nikeli ni ghali, ndiyo maana vya bei chee huipunguza na kutia manganizi, navyo huhimili chumvi vibaya zaidi. Huku kwetu, penye mabwawa ya chumvi ya Nunge na samaki wa kila siku, hilo linaonekana upesi. Vingine ni chuma cha kawaida kilichopakwa tu, rangi ikibanduka vinakwisha. Chakula chenye ndimu au ukwaju huvuta chembe za madini kutoka kwenye kijiko, na mwenye mzio wa nikeli anaweza kuumia.

Wengi hukijaribu kijiko kwa sumaku, wakiamini kisichonasa ndicho kizuri. Haitoshi: chenye manganizi pia mara nyingi hakinasi. Kikunje kwa vidole, pitisha kidole ukingoni, tafuta namba kama 18/10 mgongoni.

Shirika la Viwango, TBS, lipo kwa sheria tangu 1975, lakini ukali huanzia dukani. Wenye maduka, wekeni bidhaa zenye namba na jina la mtengenezaji. Nawe mnunuzi, kisicho na namba kiache dukani.