Poda ya Jimu: Kafeini Ikiingia Mwilini Huenda Wapi?

Zile poda na tembe ambazo wasee humeza kabla ya kubeba chuma, nyingi zinakupa moto kwa sababu ya kitu moja: kafeini. Ni ile ile ya kahawa, tu hapa imekolezwa. Cheki vile mwili huifanyia kazi.

Kuingia: Ndani ya dakika 45 hivi, karibu yote imeshatoka tumboni ikaingia kwa damu. Ikifika kwa ubongo inakalia kiti cha adenosini, kemikali inayokuambia umechoka. Kwa hivyo uchovu haujaisha, umefichwa tu.

Kuvunjwa: Kazi hii ni ya ini. Kimeng'enya kinaitwa CYP1A2 kinageuza sehemu kubwa, karibu asilimia 84, kuwa paraksanthini, ambayo pia inakuchangamsha. Nyingine inakuwa theobromini na theofilini. Mwishowe figo zinatoa mabaki kwa mkojo.

Muda: Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini huisha kwa saa 5 hivi. Piga hesabu: ukimeza miligramu 300 saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku bado uko na kama 150. Halafu unashangaa mbona usingizi umekuhepa.

Si sisi wote: Wavutaji sigara huivunja haraka zaidi. Dem anayetumia tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni inaweza kumkalia mara mbili ya muda huo. Mwenye mimba karibu kujifungua, hata saa 15. Jeni pia zina usemi, so usijipime na beshte yako.

Kipimo: Mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku, na mjamzito 200. Soma lebo, kisha ongeza chai, kahawa na kinywaji cha kopo ulichopiga mchana, zote zinahesabika. Kafeini tupu ya unga ndiyo noma kabisa: kijiko kimoja cha chai ni kama vikombe 28 vya kahawa. Hiyo usipimie macho, inaua.

Moyo ukikimbia bila mpango, ukitapika ovyo, ukichanganyikiwa au mwili ukianza kukakamaa, usingoje ipoe. Hakuna maji wala maziwa ya kuifukuza. Enda hospitali, na ubebe mkebe wenyewe ndio daktari ajue ulimeza nini.