Kwa Wazee

Kwa Wazee ni shirika lisilo la kiserikali linalolipa pensheni ya fedha taslimu kwa wazee wasio na kipato. Lilianzishwa mwaka 2003 huko Nshamba, wilayani Muleba, kusini mwa Bukoba mkoani Kagera, kwa msaada kutoka Uswisi.

Chimbuko lake ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vifo vya watu wazima viliwaachia mabibi mzigo wa kulea wajukuu. Walengwa wengi ni wanawake.

Wakati wa tathmini ya shirika hilo ya 2007–2008, mzee alipata takriban shilingi 6,000 kwa mwezi, na nyongeza ya takriban 3,000 kwa kila mjukuu anayemtunza. Ni kiasi kidogo, ila kilifika kwa utaratibu, na hapo ndipo ulipo uzito wa kazi ya shirika la aina hii: kuhakiki wanaostahili, kutunza daftari la majina na kulipa kwa wakati. Tathmini hiyo, iliyochapishwa 2008, ilibeba jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, yaani mahitaji ambayo fedha hizo zilikidhi.

Shirika pia limeendesha vikundi vya kusaidiana vya wazee, vikundi vya watoto viitwavyo Tatu Tano, na mafunzo ya kujilinda kwa wasichana. Tofauti na pensheni hii ya shirika, pensheni ya wazee wote inayolipwa na serikali ilianza Zanzibar mwaka 2016, kwa wenye miaka 70 na zaidi.