Santuri Mbili za Bronx

Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, huko Bronx, New York, Clive Campbell, mzaliwa wa Jamaika aliyelakabiwa Kool Herc, alipiga santuri katika karamu ya dada yake. Naye, alipotambua kwamba wachezaji huingoja kwa shauku ile sehemu fupi ambapo waimbaji hunyamaza na ngoma kusalia peke yake, alizoea kutwaa nakala mbili za santuri moja, akairudisha hii nyuma kwa mkono ile ikilia, hata ngoma ikawa haikatiki. Hiyo, kwa rai yangu, ndiyo hidaya kubwa ya Bronx. Maana juu yake wenye ufasaha walighani, na athari ikavuka bahari hata Dar es Salaam, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alighani kwa Kiswahili.